Unga Redio Yako Mwenyewe, na Uanze na Mita 40

Mkazi wa Dodoma anayetaka redio ya ridhaa ya kubeba begani ana njia mbili: anunue iliyokamilika, au aagize vipuri vyake vikiwa kwenye bahasha na aviunge mwenyewe mezani. Mwongozo huu unakushauri njia ya pili, na sababu yake kubwa ni moja. Redio ya kubeba huharibika mbali na mjini. Itakufia Itigi, au vijiji vya Kondoa, au njiani kwenda Mpwapwa, mahali ambapo hakuna fundi anayeifahamu wala duka lenye kipuri chake. Ikifika hapo, wingi wa vitufe na uzuri wa kioo havina msaada wowote. Kinachohitajika ni mtu anayejua umeme unaingilia wapi, unapita wapi, na kila kipuri kinatakiwa kusoma volti ngapi. Ujuzi huo hauji kwa kusoma kitabu cha maelekezo cha redio ya dukani. Unakuja kwa kuchomelea kila kipuri kwa mkono wako, ukipima hatua kwa hatua. Tena ukiikubali hoja hii, utajikuta umeshajibiwa maswali mengine mengi: redio ya aina gani, bendi ipi, nguvu kiasi gani, na antena ipi.

Tuanze na bendi, maana hapo ndipo wengi hupotea. Redio ndogo za mkononi za Kichina zimejaa madukani, ni rahisi, na mtu anaweza kuuliza kwa nini asinunue moja akamaliza kazi. Jibu liko kwenye ardhi ya nyanda za kati. Redio hizo hurusha kwenye masafa ya VHF na UHF, na mawimbi yake husafiri kwa mstari ulionyooka. Kilima kikikaa katikati, mazungumzo yamekwisha. Dodoma imezungukwa na vilima vya mawe, na kutoka mjini kwenda Singida ni kilomita zisizopungua 180 hata ukienda moja kwa moja kama ndege. Bila mtambo wa kurudufu mawimbi juu ya mlima, redio ya mkononi haifiki hata robo ya safari hiyo. Mawimbi mafupi ya bendi ya mita 40, yaani megahezi 7.000 hadi 7.200 kwa kanda yetu, hufanya kazi kwa namna nyingine. Ukiyaelekeza juu, hugonga tabaka la ionosfia na kurudi chini kama mvua, yakitapakaa pande zote kwa mamia ya kilomita. Mlima hauna la kufanya, kwa sababu wimbi linashuka kutoka juu. Iringa, Singida, Arusha na Dar es Salaam zote zimo ndani ya eneo hilo ukiwa Dodoma. Mchana ndio wakati wake wa mazungumzo ya karibu, hasa asubuhi na alasiri. Jua likiwa la utosi, tabaka la chini la ionosfia hufyonza sehemu kubwa ya nguvu, na giza likiingia bendi huanza kuleta sauti za mbali za Ulaya, India na Afrika Kusini huku majirani wakififia. Kwa mtu mwenye redio moja tu ya bendi moja, hakuna bendi nyingine inayotoa faida zote mbili hivyo.

Pingamizi linalofuata ni la nguvu. Redio za vifurushi vya kuunga hutoa wati 3 hadi 5, wakati redio kubwa za mezani hutoa 100. Ukilinganisha namba hizo juujuu, ni kama mtu mzima na mtoto. Lakini sikio halisikii wati, linasikia uwiano. Kushuka kutoka wati 100 hadi 5 ni kupoteza desibeli 13, na kwenye mita ya risiva ya mwenzako hiyo ni zaidi kidogo ya alama mbili tu za S. Kituo kilichokuwa kinasikika kwa alama 8 kitasikika karibu na 6, nayo bado inasomeka vizuri. Ongeza hapo suala la Morse. Sauti ya mtu inahitaji upana wa hezi 2,400 hivi, na risiva inayopokea upana huo inapokea na kelele zake zote. Morse inapita kwenye kichujio cha hezi 200. Kelele zinapungua mara 12, kwa hiyo kwa hesabu ya kelele peke yake, wati 5 za Morse zinakaribia kufanya kazi ya wati 60 za sauti. Ndiyo, inabidi ujifunze Morse, na hilo linachukua jioni nyingi za mazoezi. Ila ndilo linaloruhusu redio iwe ndogo, ile umeme kidogo, na iwe na saketi ambayo mtu mmoja anaweza kuielewa yote. Anayekataa kujifunza Morse atalazimika kuunga redio ya sauti, yenye vipuri vingi zaidi, inayokula betri zaidi, na iliyo ngumu zaidi kutafutia kasoro porini. Si kosa, lakini si mahali pa kuanzia.

Kwa kuanzia, familia ya vifurushi vya Morse vya QCX inafaa kuliko nyingine ninazozijua. Ilibuniwa na Hans Summers kwa ajili ya kambi ya vijana wa redio za ridhaa iliyofanyika Uingereza mwaka 2017, kwa hiyo tangu mwanzo ililenga mikono ya wanafunzi. Inafanya kazi kwa volti 7 hadi 16, na ndani yake ina vipimo vyake yenyewe: mita ya volti, ya nguvu, na kipima masafa. Kwa mtu asiye na maabara, jambo hilo ni kubwa mno. Toleo lenye ubao mpana ni jepesi kwa mgeni kuliko toleo dogo la mfukoni, hata kama la mfukoni linavutia zaidi kwa macho. Nafasi kati ya kipuri na kipuri ndiyo itakayokuokoa siku ya kutoa kilichoungua. Mwenye nia ya sauti atazame BITX ya Ashhar Farhan wa Hyderabad, India. Farhan aliichora mwanzoni mwa miaka ya 2000 akiwafikiria wenzake wasioweza kuagiza vitu vya bei mbaya, hata koili za kwanza zikasukwa juu ya washa za plastiki za mabomba ya maji, na transista ya mwisho ikawa IRF510, ambayo haikutengenezwa kwa kazi ya redio kabisa. Mfano wake unaonyesha kwamba ufundi huu haukuwahi kuwa wa nchi tajiri peke yake, na kwamba mtu akielewa kazi ya kipuri anaweza kukitafutia mbadala mtaani kwake.

Kabla hujaagiza chochote, shughulikia leseni. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, mitambo ya redio inasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Kati hapo hapo Dodoma. Nenda na maelezo ya maandishi: unakusudia kuunga redio gani, bendi ipi, wati ngapi, na utaitumia wapi. Uliza pia kuhusu kuingiza vifaa kutoka nje ili bahasha yako isikwame forodhani. Vituo vya Tanzania hutambulika kwa alama inayoanza na 5H, na alama hiyo utaitaja kila unaporusha. Wapo wanaodhani urasimu huu ni sababu ya kuunga kwanza na kuomba baadaye. Nawasihi wasifanye hivyo. Mtu mwenye waya mrefu mtini na kidude kinacholia pi-pi-pi atatiliwa shaka na mtendaji wa kijiji, tena kwa haki, na karatasi ya leseni ndiyo inayomaliza shaka hiyo kwa dakika moja. Kumbuka pia masharti ya kimataifa ya redio za ridhaa: haziruhusiwi kwa biashara, wala kwa ujumbe uliofichwa maana yake.

Sasa mezani. Unahitaji pasi ya umeme ya kuchomelea yenye ncha nyembamba, risasi nyembamba yenye dawa ndani, mita ya kawaida ya fundi redio, koleo ndogo ya kukatia na mwanga mzuri. Panga vipuri kwenye trei kwa thamani zake kabla ya kuwasha pasi, na pima kila resista badala ya kuamini rangi, kwa sababu kahawia, nyekundu na chungwa hufanana sana usiku. Risasi nzuri ni ile iliyotambaa juu ya ubao na juu ya mguu wa kipuri kwa pamoja, ikang'aa, ikawa na mabonde pembeni. Ikijikusanya kama tone juu ya jani, haijashika. Ipashe tena moto upande wa ubao, siyo upande wa risasi. Kasoro nyingi za redio za kuunga hutokana na viungo vya namna hiyo kuliko vipuri vibovu, na ni kasoro mbaya kwa sababu redio hukubali mezani na kukataa ikishatikisika kwenye pikipiki.

Koili ndiyo kazi inayoogofya watu, na haistahili kuogopwa. Kichujio cha mwisho cha bendi ya mita 40 kwa kawaida kina koili tatu za mizunguko 21, 24 na 21, kila moja ikisukwa juu ya pete yake ndogo ya rangi ya njano yenye kipenyo cha kama milimita 9 na nusu. Kanuni ya kuhesabu ni hii: kila waya unapopita ndani ya tundu la pete ni mzunguko mmoja, hata ule wa kwanza kabisa ulioupitisha bila kuuzungusha. Wengi hawauhesabu huo wa kwanza, wakaishia na mzunguko mmoja zaidi, kichujio kikakata mapema na nguvu ikashuka bila sababu inayoonekana. Suka taratibu, vuta waya ukae karibu na pete bila kuukwaruza, acha pengo dogo kati ya mwanzo na mwisho, kisha hesabu tena kwa ncha ya sindano chini ya mwanga. Waya huo umepakwa rangi inayozuia umeme. Usipoiondoa kwenye ncha, risasi itaonekana imeshika vizuri kumbe hakuna mawasiliano. Ikwangue kwa wembe hadi shaba ionekane, pakaza risasi, halafu pima kwa mita kutoka upande mmoja wa koili hadi mwingine, ukigusa ubao wenyewe na siyo waya. Kuna pia transfoma moja ya kupokelea yenye nyuzi nne. Ipe asubuhi nzima, chora mchoro wake kwenye karatasi, na weka alama kila ncha kabla ya kuiingiza kwenye tundu lake.

Kipindi cha Juni hadi Oktoba hewa ya Dodoma huwa kavu sana, na nguo za nailoni huchaji umeme unaousikia ukigusa kitasa cha chuma. Umeme huo mdogo unaua transista za BS170, ambazo kwenye QCX ziko tatu sambamba zikifanya kazi ya mwisho ya kurusha. Ziache kwenye mfuko wake hadi zamu yake ifike, vaa pamba, na gusa chuma kilichoungwa ardhini kabla ya kuzishika. Nunua za akiba unapoagiza, kwa sababu ndizo zitakazokufa kwanza siku antena itakapokatika ukiwa unarusha.

Redio ikikamilika usiichomeke kwenye betri moja kwa moja. Pima kwanza ukinzani kati ya chanya na hasi. Ikisoma karibu na sifuri, kuna mahali risasi imeunganisha visivyotakiwa. Kisha washa kupitia balbu ya taa ya nyuma ya pikipiki, ya volti 12 wati 5, iliyokaa kwa mfuatano kwenye waya wa chanya. Redio inayopokea tu hutumia kama sehemu ya kumi ya ampea, kiasi ambacho hakiwashi balbu hiyo kwa maana. Ikiwaka kwa nguvu, zima haraka. Balbu imebeba hasara ambayo ingebebwa na ubao wako. Pima volti 5 za kidhibiti kabla ya kuchomeka IC kwenye soketi yake. Baada ya hapo toa balbu, maana kurusha kunahitaji zaidi ya nusu ampea, na weka fyuzi ya ampea 1 mahali pake pamoja na diodi ya kuzuia betri iliyogeuzwa.

Kurusha kwa mara ya kwanza kusifanyike kwenye antena. Tengeneza mzigo bandia: resista 20 za kilo-ohm 1, nusu wati kila moja, zikiungwa sambamba. Zitakupa ohm 50 zinazostahimili wati 10, na zote zinapatikana kwa fundi redio yeyote mjini. Weka diodi ndogo na kapasita ya nanofaradi 10 kwenye mzigo huo, pima volti za kilele, zizidishe kwa zenyewe, gawa kwa 100. Mita ikisoma 22, una karibu wati 5. Ikisoma 10, una wati 1, na sasa unarudi kwenye koili za kichujio na kuhesabu mizunguko upya. Hapa ndipo yule aliyenunua redio kamili anapoachwa nyuma: yeye akipata wati 1 anajua tu kwamba redio yake ni mbovu, wewe unajua pa kuanzia kutafuta.

Antena ya bendi hii haihitaji fedha nyingi. Gawa 142.5 kwa masafa ya megahezi na utapata urefu wote kwa mita, kwa 7.03 ni kama mita 20.3, yaani mita 10 na kidogo kila upande. Anza na urefu uliozidi kidogo, ukikata sentimita chache chache. Inua katikati yake mita 6 au 7 kwenye mti au nguzo, na shusha ncha mbili hadi kimo cha mtu, mbali na njia za watu na mifugo, maana ncha zina volti kubwa unaporusha. Kimo hicho kinaonekana kifupi, na vitabu vingi vya Ulaya vitakwambia upandishe zaidi. Wao wanatafuta mabara. Wewe unatafuta Singida na Iringa, na antena ya chini ndiyo inayotupa mawimbi juu. Antena za kusimama wima zinategemea ardhi yenye unyevu, na udongo wetu wa kiangazi ni mkavu mno kwa kazi hiyo; waya wenye mikono miwili hauitegemei ardhi kiasi hicho. Waya wa antena ya TV wa ohm 75 unatosha kabisa kuteremkia kwenye redio kwa nguvu hizi. Mvua zikianza, kuanzia Desemba, kanuni haina msamaha: ngurumo ikisikika, hata ya mbali, chomoa antena na uitoe nje ya nyumba.

Kuhusu umeme, betri ya UPS ya volti 12 yenye ampea-saa 7 ina uzito wa kilo mbili na zaidi. Ukitumia nusu tu ya uwezo wake ili isife mapema, na ukirusha sehemu moja ya kumi ya muda, wastani wa matumizi ni kama ampea 0.15, na unapata zaidi ya saa 20. Paneli ndogo ya sola inarudisha kiasi hicho kwa jua la Dodoma bila taabu. Redio ya wati 100 ingekula betri hiyo hiyo kabla ya chakula cha mchana.

Limebaki pingamizi zito kuliko yote: simu zipo kila mahali, na wenye redio za ridhaa nchini ni wachache, kwa hiyo utazungumza na nani? Sehemu ya kwanza ina jibu jepesi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ya Tanzania ikayumba vibaya. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliharibu reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe. Desemba 2023 maporomoko ya tope yaliifunika Katesh, wilayani Hanang, na Katesh iko chini ya kilomita 200 kutoka Dodoma, katikati kabisa ya eneo ambalo mita 40 hulifikia bila mnara wala waya. Sidai kwamba kidude cha wati 5 kingeokoa watu. Nasema kwamba njia ya mawasiliano isiyotegemea kitu kingine ina thamani siku vitu vingine vinapoanguka, na haitakuwepo siku hiyo kama haikuandaliwa kabla. Masafa ya kilohezi 7,110 yametengwa katika kanda yetu kuwa kitovu cha mazungumzo ya dharura, nayo yanafaa tu kwa aliyekwisha kuzoea bendi.

Sehemu ya pili ni ya kweli na haijibiwi kwa maneno matupu. Ndiyo maana nashauri usiagize kifurushi kimoja; tafuta mwenzako, muagize viwili. Chuo Kikuu cha Dodoma kina ndaki ya elimu ya kompyuta na mawasiliano, VETA inafundisha umeme, na shule za sekondari za Kongwa, Manyoni na Bahi zina walimu wa fizikia wanaofundisha mawimbi ubaoni bila kifaa cha kuyaonyesha. Walimu wawili wenye leseni na redio mbili zilizoungwa pamoja zinatosha kuanzisha mtandao wa kila asubuhi, saa 2, kwenye 7.030, ambako wenye nguvu ndogo hukutana. Na siku mwenzako hayupo, QCX inaweza kurusha ishara ya WSPR, mfumo uliobuniwa na Joe Taylor, mshindi wa Nobeli ya fizikia ya mwaka 1993, na vituo vya nchi nyingine vinaandika vilikusikia kwa kiwango gani. Rusha hivyo kwa wiki moja antena ikiwa mita 4, wiki nyingine ikiwa mita 7, andika daftarini saa, kimo na umbali, na kabla hujafunga safari ya kwanza tia kwenye begi BS170 tatu, fyuzi mbili, pasi ndogo inayotumia volti 12, risasi ya kiasi cha mkono mmoja, na nakala ya mchoro wa saketi ikiwa na volti ulizozipima mwenyewe zikiwa zimeandikwa kwa kalamu pembeni ya kila kipuri.